Kabla ya Kupiga Windows: Mafaili Yanayogoma Bukoba na Muleba

Mwalimu wa sekondari akitoka Kamachumu na kompyuta mpakato begani, lalamiko analomfikishia fundi wa Bukoba mjini ni fupi: faili limegoma. Mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa kule Muleba analalamika hivyohivyo, na mwanafunzi wa chuo aliyebakiza siku moja kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo naye hana maneno mengine. Fundi akishabofya mara tatu nne na kukataliwa, hutoa ushauri uleule anaompa kila mteja, wa kufuta Windows na kuiweka upya: "Mwalimu, waitu, tupige Windows tu iishe."

Naiogopa sentensi hiyo kuliko ninavyoviogopa virusi. Faili hugoma kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Pengine limeshikwa na programu nyingine kwa dakika tano. Pengine limewekewa alama ya kusomwa tu. Pengine kirusi kimelificha, au rekodi za kompyuta zinasema ni mali ya mtu mwingine. Na pengine limesimbwa, kiasi kwamba bila ufunguo wake halisomeki na yeyote duniani. Nne za mwanzo karibu kila mara hutatulika bila kupoteza herufi moja, na hazihitaji Windows mpya. Ya mwisho haitatuliki bila ufunguo, na kupiga Windows kunaweza kuufuta ufunguo huohuo uliokuwa ukitafutwa.

Tuanze na lililo jepesi. Programu inapofungua faili huueleza mfumo endeshi kama inakubali wengine nao wasome au waandike humo. Ikikataa, anayekuja nyuma yake huambiwa kwamba faili linatumika na programu nyingine. Word huongeza lake: kando ya waraka huandika kifaili kilichofichwa, chenye jina linaloanza na ~$, na ndani yake jina la aliyefungua. Waraka ukifungwa vizuri kifaili hicho hufutika. Umeme ukikatika kazi ikiwa inaendelea, kinabaki.

Na umeme wa kwetu unakatika. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, na kila mwenye steshenari anajua kompyuta ya mezani isiyo na UPS inavyozimika katikati ya sentensi. Umeme ukirudi, Word inaweza kudai kwamba waraka unahaririwa na mtu fulani, na jina linalotajwa huwa "User", au "Admin", au jina la duka lililoweka Windows zamani. Mwalimu anaingiwa na hofu kwamba kuna mtu yumo ndani ya mtihani wake. Hamna mtu. Funga Word yote, fungua Task Manager uone kama kuna Word iliyosalia chinichini, uimalize, kisha ufute kile kifaili cha ~$ na kuuacha waraka wenyewe. Kama ofisi ina mtandao wa ndani, ulizia kwanza kama mwenzako hajaufungua kweli upande wake.

Isipojulikana ni programu gani imeshika, Windows yenyewe inaweza kuitaja. Resource Monitor, kwenye ukurasa wa CPU, ina kisanduku cha kutafutia: andika sehemu ya jina la faili, nayo itakuonyesha programu iliyolishikilia. Process Explorer, kazi ya Mark Russinovich ambayo Microsoft huitoa bure, hufanya hivyo kwa undani zaidi. Mara nyingi mshikaji ni antivairasi inayokagua, OneDrive inayopandisha nakala, au ile sehemu ya Explorer inayoonyesha picha ya faili kabla hujalifungua. Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta si lazima kuwe kuzima kamili: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kompyuta iwake haraka, na draiva iliyokuwa na hitilafu huamka nayo vilevile. Mteja anaapa kwamba amezima na kuwasha mara tano, na anasema kweli. Anachotakiwa kuchagua kwenye menyu ni kuwasha upya, kwa sababu ndiko kunakoanza na ukurasa mweupe.

Alama ya kusomwa tu haituchukulii muda. Faili lililoshushwa kwa kivinjari au kutoka kwenye barua pepe hubandikwa alama kwamba limetoka nje, na Word hulifungua likiwa na mstari wa njano juu, uandishi ukiwa umezuiwa. Kama unamfahamu aliyelituma, bonyeza ruhusa ya kuhariri. Faili lililofunguliwa likiwa bado ndani ya zipu huonekana kama la kawaida, lakini unachoandika humo huenda kisihifadhiwe mahali unapodhani, kwa hiyo litoe kwanza. Juu ya Excel niseme zaidi kidogo, maana vikundi vya kuweka na kukopa vinaitegemea. Nywila ya kulinda shiti ni agizo tu kwa Excel kwamba isikubali mabadiliko. Data haisimbwi. Lakini nywila ya kufungua faili, tangu Office 2007, husimba faili zima, na mtu aliyeisahau hana njia ya mkato. Nimewasikia waweka hazina wakizitaja nywila hizi mbili kana kwamba ni moja, wakatumia ile dhaifu kulinda akiba za watu na ile kali kulinda ratiba ya kikao.

Flashi ndiyo inayostahili nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo inayobeba maisha ya watu kati ya Muleba, Bukoba na visiwa vya ziwani. Inafaa ijulikane kwamba flashi nyingi hupangwa kwa FAT32 au exFAT, na katika mipango hiyo faili halina mmiliki wala orodha ya ruhusa. Kwa hiyo fundi anayesema flashi "imekosa ruhusa" ameshakosea njia. Flashi ikigoma kuandikwa, sababu iko kwenye kidude cha pembeni cha kadi ya SD kilichosukumwa upande wa kufunga, au kwenye mpangilio ulioharibika kwa kuchomoa ovyo, au kwenye chembe za kumbukumbu zilizochoka. Flashi iliyochoka hujifunga yenyewe isiandikwe tena, lakini husomeka bado. Hilo ni onyo zuri, na la kufanya ni kunakili kila kitu siku ileile.

Kisa kinachojirudia zaidi kaunta ni kingine. Mteja anatoa flashi mfukoni na kusema alikuwa na folda ya MITIHANI. Kioo kinaonyesha ikoni moja yenye mshale mdogo kwenye kona, ukubwa wake kilobaiti moja au mbili, au hakionyeshi kitu chochote. Kijana wa kaunta anasema, "Mama, flashi yako iko tupu." Kabla ya kuyaamini maneno hayo, bofya upande wa kulia juu ya flashi na usome nafasi iliyotumika. Kama inasema gigabaiti tatu zimejaa, mitihani yote imo. Kirusi kimeipa folda alama za kufichwa na za mfumo, kikaweka njia ya mkato mahali pake ili yeyote atakayeibofya akiwashe. Fungua Command Prompt, na kama flashi imeitwa E, andika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na usubiri. Folda hurudi mbele ya macho ya mwenye mali. Baadaye futa zile njia za mkato na uisafishe kompyuta yenyewe, la sivyo flashi ya mteja anayefuata itafichwa pia. Kufomati flashi ya namna hii ni kutupa mtihani ambao haukupotea.

Kuna kirusi kisichoficha, na hiki ni cha kuogopa kwa haki. Mafaili yanabaki na majina yake, lakini kila moja limeongezewa mkia mgeni baada ya .docx, na kila folda ina kijaratasi kinachoitwa _readme.txt kinachodai fedha. Hiyo ni familia ya STOP, inayojulikana pia kama Djvu, na njia yake kuu ya kuingilia ni programu zilizovunjwa na vijiprogramu vya kuamsha Windows na Office bila leseni, bidhaa ambazo huku hugawiwa kama zawadi ya kupigiwa Windows. Kubadilisha mmiliki au kupanua ruhusa hakusaidii, kwa sababu maandishi yenyewe yamesimbwa. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure kwa matoleo mengi ya zamani. Kwa mapya, ambamo kila mhanga ana ufunguo wake, kifungulio hicho hakifui dafu. Mwenye bahati mbaya hiyo na ayanakili mafaili yake yaliyosimbwa kwenye diski ya pembeni kabla kompyuta haijasafishwa, maana funguo za wahalifu zimewahi kupatikana miaka baadaye.

Sasa ruhusa zenyewe. Asili yake ni kompyuta ya wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na mfumo wa CTSS ulioruhusu watafiti wengi kutumia mashine moja, kila mmoja kwa nywila na saa alizopangiwa. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyetaka saa zaidi, aliomba kwa kadi faili la nywila lichapishwe, na likachapishwa. Mashine ilijua kuuliza wewe ni nani, lakini haikuwa imejifunza kuuliza kama faili hilo linakuhusu. Mifumo iliyofuata ilijenga swali hilo la pili. Unix iligawa ruhusa kwa mwenye faili, kundi lake na wengine wote, na hadi leo Mac na Linux zinafuata mgawanyo huo. Windows NT ya 1993 ilikuja na NTFS, ambamo kila faili lina mmiliki na orodha ya nani aruhusiwe nini. Watumiaji wa nyumbani walianza kuizoea kwa wingi na Windows XP, mwaka 2001. Windows 98 waliyoiacha haikuwa na ulinzi wa namna hiyo.

Wapo wanaosema kwamba orodha hizi za ruhusa ni mzigo usio na maana kwa kompyuta ya mtu binafsi. Kwetu kompyuta ya mtu binafsi ni nadra. Ile ya mwalimu mkuu hutumiwa na mtaaluma mchana na watoto wake jioni, ya chama cha msingi ina mhasibu, karani na mwenyekiti, na ya steshenari ina mji mzima. Tumerudi kwenye hali ya MIT, na swali la faili hili ni la nani lina uzito Bukoba kuliko lilivyo kwa mtu anayeishi peke yake na mashine tatu.

Ruhusa hizi huleta kilio zaidi siku kompyuta inapokufa. Bodi imeungua, fundi ametoa diski na kuiunga kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine. Folda zinaonekana, lakini ile ya mwalimu ikibofywa inajibu kwamba huna ruhusa. Ukifungua maelezo ya usalama, mahali pa jina la mmiliki pana tarakimu ndefu zinazoanza na S-1-5-21. Windows haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba iliyotolewa na kompyuta ile ya zamani, na kompyuta mpya haina wa kulinganisha naye. Hata ukifungua akaunti mpya yenye jina na nywila zilezile, namba itakuwa nyingine. Hapo ndipo maneno ya "diski imekufa" yanapotamkwa, na diski ni nzima kabisa.

Njia ninayoipenda haigusi ruhusa hata moja. Fungua Command Prompt kama msimamizi na utumie robocopy kwa /E, /B na /XJ, ukielekeza kutoka folda ya zamani kwenda folda mpya ya diski nyingine. Ile /B hunakili kwa haki ya kuchukua nakala rudufu, ambayo msimamizi anayo bila kujali orodha ya ruhusa. /XJ huizuia isizunguke bila mwisho kwenye njia za ndani ambazo folda za watumiaji zimejaa. Ikishindikana, takeown hubadilisha mmiliki na icacls hutoa ruhusa, kwa folda ileile ya mwalimu na si zaidi. Wapo mafundi wanaoziendesha amri hizi juu ya diski C nzima, kisha wanampa kila mtu mamlaka yote. Tangu Windows Vista, mafaili ya Windows yenyewe yana mmiliki anayeitwa TrustedInstaller, na hata msimamizi haruhusiwi kuyagusa ovyo, ili kirusi kilichoingia kwa jina lake kisiweze pia. Ukimng'oa mmiliki huyo umeacha kompyuta inayowaka leo na kukataa masasisho mwezi ujao.

Somo kubwa la diski ile iliyoungwa kwa USB ni kwamba ruhusa ni askari wa getini. Anatii amri za nyumba aliyopewa kuilinda. Ukibeba mali ukaipeleka nyumba nyingine, yeye amebaki nyuma. Ndiyo maana fundi mwema anaweza kumwokolea mwalimu kazi yake, na ndiyo maana mwizi aliyechomoa diski ya ofisi naye anaweza kusoma orodha ya wanachama wote. Nywila ya kuingilia Windows, ambayo watu wengi huiamini, haiwezi kumzuia.

Kinachomzuia ni usimbaji. Microsoft ilianza kutoa EFS na Windows 2000, ambayo husimba faili moja moja kwa ufunguo uliofungwa kwenye akaunti ya mtumiaji. BitLocker ilifuata na Vista, ikasimba diski nzima. Na tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, kompyuta inayowekwa upya kwa akaunti ya Microsoft inaweza kusimbwa yenyewe bila mwenye mali kuombwa chochote. Anakuja kulijua siku bodi inapobadilishwa au mipangilio ya BIOS inapoguswa, pale kioo cha buluu kinapomtaka tarakimu 48 ambazo hajawahi kuziona. Tarakimu hizo kwa kawaida zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Ikiwa siku hiyo fundi alitumia barua pepe yake ili kazi iende haraka, ufunguo wa kompyuta ya shule uko kwenye sanduku la fundi ambaye huenda sasa anafanya kazi Mwanza. Kwa EFS hali ni mbaya zaidi: ufunguo uko ndani ya Windows ileile inayotaka kufutwa. Mafaili yaliyokuwa na alama ya kufuli yatabaki kwenye diski D baada ya kupiga Windows, yataonekana, yatahesabika, na hayatafunguka tena. Cheti chake kilitakiwa kihamishwe kabla.

Sitaki kuwatwika mafundi lawama yote, kwa kuwa biashara yenyewe imewasukuma huko. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana na muda unaojulikana. Kunakili gigabaiti mia mbili kutoka diski inayougua hakuna bei ubaoni, kunachukua usiku mzima, na mteja aliyevuka ziwa kutoka Bumbire anataka arudi na mtumbwi wa leo. Akiambiwa asubiri hadi kesho anahamia duka la pili, ambako ataambiwa saa moja tu. Fundi mwangalifu anapoteza mteja kwa uangalifu wake. Nadhani hili litabadilika pale tu uokoaji wa data utakapoandikwa bei yake pembeni ya bei ya Windows, na mteja akaulizwa kwa sauti anataka kipi kitangulie.

Sheria nayo imeshafika kaunta, ijapokuwa ni wachache wanaoitaja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila haki kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Shule inayopeleka kompyuta yenye matokeo ya wanafunzi kwa fundi, au zahanati inayopeleka yenye majina ya wagonjwa, imekabidhi taarifa ambazo si zake peke yake. Karatasi ya makabidhiano yenye namba ya diski na maneno yanayosema fundi aguse nini ni jambo dogo kuandika. Kwa taasisi zinazoweza, mhusika akae pembeni ya fundi mpaka kazi iishe.

Vyama na shule ndizo ninazozihofia zaidi, kwa kuwa watu wake huhama. Mtaaluma akipata uhamisho kwenda Ngara, akaunti iliyosajiliwa kwa jina lake huondoka naye, pamoja na mafaili yote ambayo Windows inayahesabu kuwa yake. Kompyuta ya chama iwe na akaunti ya pili ya msimamizi kwa jina la chama. Barua pepe iliyotumika kuisajili iwe ya ofisi, na nywila yake ijulikane na viongozi wawili. Ufunguo wa BitLocker uchapishwe, uandikwe ni wa kompyuta ipi, utiwe kwenye bahasha na uwekwe kabati lile la chuma panapokaa mhuri na hati ya usajili. Makabidhiano ya mhasibu anayeondoka yafanyike kompyuta ikiwa imewashwa, faili la leja likifunguliwa kwa akaunti ya anayepokea, mbele ya mwenyekiti, kabla hajasaini.